Siku 28 za Kuwaonyesha Watoto Dunia

Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema utembee umbali gani, wala hawakusema uwe na fedha kiasi gani mkobani ndipo uruhusiwe kuona.

Jumapili hii, ndugu msomaji, nataka tuzungumze juu ya safari. Sizungumzii safari ya kikazi wala ya msiba, ambazo ndizo tuzijuazo zaidi sisi wafanyakazi wa mjini. Nazungumzia safari ya baba, mama na watoto wao wadogo, wanaofunga mizigo kwa nia moja tu ya kwenda kuona. Mara kwa mara tunasikia habari za watu wa nchi za mbali walioacha kazi kwa mwaka mzima, wakawaondoa watoto shuleni, wakaizunguka dunia. Wengi wetu tukizisikia habari hizo huguna, tukasema hao wana pesa za kuchezea, kisha tukageuza ukurasa.

Mimi nami niliguna. Lakini mwezi Septemba mwaka 2022 niliisoma habari ya familia moja ambayo ilinizuia kuugeuza ukurasa. Yale yaliyofuata nyumbani kwangu ndiyo yanayonifanya niandike leo.

TEMBO WA KITABUNI NA TEMBO WA PORINI

Familia yenyewe ni ya Bibi Edith Lemay na mumewe Bwana Sébastien Pelletier, wenyeji wa jimbo la Quebec nchini Kanada. Walijaliwa watoto wanne. Binti yao mkubwa alikuwa na umri wa miaka mitatu tu walipoanza kubaini kwamba haoni sawasawa. Baada ya miaka kadhaa ya kumpeleka kwa madaktari, ilithibitishwa kwamba ana ugonjwa wa kurithi uitwao retinitisi pigmentosa. Mwaka 2019 vijana wao wawili wadogo nao wakagundulika kuwa na ugonjwa huo huo. Kati ya watoto wanne, ni mmoja tu aliyesalimika.

Ugonjwa huu hushambulia utando wa ndani ya jicho unaopokea nuru. Mgonjwa huanza kwa kushindwa kuona gizani. Kisha uwanja wa macho yake hupungua kidogo kidogo kutoka pembeni kuja katikati, hata mtu akawa kama anayeichungulia dunia kupitia kwenye bomba. Wengi huja kupoteza sehemu kubwa ya nuru wakiwa watu wazima, na aina nyingi za ugonjwa huo hazijapata tiba.

Mtaalamu aliyekuwa akimhudumia binti yule aliwashauri wazazi wamjaze mtoto kumbukumbu za vitu vya kuonekana kwa macho, kwa mfano kumwonyesha picha za wanyama vitabuni. Mama yule akawaza moyoni: kwa nini nimwonyeshe tembo wa kitabuni, ilhali naweza kumpeleka akamwona tembo mwenyewe?

Basi wakapanga kuondoka Julai mwaka 2020. Likaja janga la korona, mipaka ikafungwa, safari ikaahirishwa. Hatimaye waliondoka Machi mwaka 2022. Walianzia Namibia, wakaenda Zambia, wakaja hapa kwetu Tanzania. Baadaye walikwenda Uturuki, Mongolia, Indonesia na nchi nyingine nyingi. Watoto nao waliulizwa wanataka nini. Mmoja akasema anataka kupanda farasi, mwingine akasema anataka kunywa maji ya matunda akiwa juu ya mgongo wa ngamia. Mwaka 2024 ilitolewa filamu kuhusu safari yao iitwayo Blink.

Haifai kuficha kwamba fedha ilikuwapo. Wazazi wale walikuwa na akiba, na kampuni ambayo mume alifanya kazi na kuwa na hisa ilinunuliwa, wakapata kitu cha ziada. Lakini kilichonishika si fedha yao. Kilichonishika ni swali la kitindamimba wao. Siku moja, akiwa na umri wa miaka mitano, aliuliza kuwa kipofu maana yake ni nini, na kama yeye ataweza kuendesha gari.

Niliposoma swali hilo, nilimkumbuka mama yangu mzazi.

MAHESABU YA MFANYAKAZI

Kabla ya kufika kwa mama, tupige mahesabu kidogo, maana najua wapo wasomaji ambao hivi sasa wanauliza: mwandishi huyu anatuambia tuache kazi?

La hasha. Chukua familia ya mfanyakazi wa Dar es Salaam yenye watu watano. Pasipoti ya kawaida ya kielektroniki, aina iliyoanza kutolewa mwaka 2018, imekuwa na ada ya Sh. 150,000. Kwa watu watano hizo ni Sh. 750,000, na hapo hata mlango wa nyumba hamjaufunga. Mkanada akitaka kuingia katika nchi nyingi za Ulaya hubeba pasipoti yake akaenda. Mtanzania hana budi kwanza kuomba viza, kulipia maombi ya kila kichwa, na kuonyesha hesabu zake za benki kwa mtu asiyemfahamu. Kuna nauli za ndege. Kuna kodi ya nyumba, ambayo mwenye nyumba huitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Kuna nafasi ya mtoto shuleni. Na kuna kazi yenyewe: kwa wengi wetu, kukaa mwaka mzima bila kwenda kazini si likizo, ni kujifukuza.

Kwa hiyo mwaka mmoja hatuna. Lakini tunacho kitu, nacho kimeandikwa katika sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku zisizopungua 28 mfululizo, zikihesabiwa pamoja na sikukuu zinazoangukia humo, na analipwa mshahara wake. Siku 28 kila mwaka. Mtoto akiishi nawe tangu kuzaliwa mpaka anatimiza miaka 14, siku hizo zikijumlishwa zinafika 392, yaani zinazidi mwaka mmoja. Mwaka wa kuizunguka dunia tunao, ila tunapewa vipande vipande.

Na vipande hivyo tunavifanyia nini? Nitajisema mwenyewe ili nisionekane nawasema wengine. Kwa miaka minne mfululizo, kuanzia 2018 hadi 2021, sikuwahi kuipumzikia likizo yangu hata mara moja. Mwaka mmoja nilikubali kulipwa mshahara wa mwezi nikaendelea kufanya kazi. Miaka mingine nilichukua likizo, nikaitumia kusimamia mafundi wa nyumba yetu tunayojenga pembezoni mwa jiji. Nilijiona baba hodari. Kila nilipoingia nyumbani usiku nikiwa na vumbi la saruji, niliwakuta watoto wamelala, nikajipa moyo kwamba haya yote ni kwa ajili yao.

PICHA YA SIMU SIIONI

Mama yangu anaishi Ujiji, mkoani Kigoma. Mwaka 2019 alinipigia simu akasema macho yanamsumbua, anajikwaa kwenye vizingiti vya mlango. Nilimtumia fedha za kununua miwani, nikadhani nimetimiza wajibu. Mwaka 2021 alipopelekwa kwa daktari wa macho ndipo ilipogundulika kwamba ana presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilikuwa limebakiwa na nuru katikati tu.

Presha ya macho, ndugu msomaji, ni mwizi asiyegonga mlango. Mara nyingi haiumi. Huanza kula pembeni mwa macho, na kwa kuwa macho mawili husaidiana, mtu haoni kwamba haoni. Nuru ikishapotea kwa ugonjwa huo hairudi, wala miwani haisaidii. Dawa za matone au upasuaji huweza kuilinda ile iliyosalia, ndiyo maana kuwahi ni jambo kubwa.

Siku niliyosoma habari za Wakanada wale, nilimpigia mama simu jioni. Hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Mwanangu, huyu wa mwisho anafanana na nani?"

Kitindamimba wetu alikuwa na miaka mitatu wakati huo, na bibi yake hakuwahi kumtia machoni. Nikamjibu, "Nitakutumia picha, mama, kwa simu ya jirani."

Akasema, "Picha ya simu siioni siku hizi. Mtu akikaa karibu yangu penye mwanga, huyo namwona."

Nilikata simu nikakaa kimya. Wazazi wa Kanada walikuwa wakikimbia ili watoto wauone ulimwengu kabla nuru haijazimika. Kwetu sisi nuru iliyokuwa ikizimika ni ya bibi, na ulimwengu alioutaka kuuona ulikuwa watoto watatu, waliokuwa Dar es Salaam wakitazama televisheni.

Usiku ule mke wangu nami tulibishana. Fedha tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mabati. Nilisema tuezeke kwanza, safari itafuata mwaka utakaokuja. Mke wangu, ambaye ni mwalimu na hana desturi ya kupaza sauti, alisema: "Baba watoto, mabati yatakuwapo dukani hata mwaka kesho. Macho ya mama yatakuwapo?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile tulianza kutia Sh. 2,000 katika kibubu kila siku, na mwezi Aprili niliandika barua ya kuomba likizo ya Juni, wakati shule zinapofungwa. Barua ile niliandika kwa aibu, kana kwamba naomba jambo la ajabu. Mkuu wangu wa kazi aliisoma, akaitia saini, akaniuliza kwa nini sikuomba siku zote hizo.

RELINI

Tuliondoka jioni moja ya Juni mwaka 2023 kwa gari moshi la Reli ya Kati, tukiwa katika daraja la pili la kulala. Binti yetu mkubwa alikuwa na miaka 11, kaka yake miaka saba, na mdogo wao miaka minne. Tulichukua vitanda vyote sita vya chumba kimoja ili tusitenganishwe.

Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma reli ina urefu wa kilomita zipatazo 1,250. Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Waliomenyeka katika kuijenga ni babu zetu. Mambo haya binti yangu alikuwa ameyakariri darasani na kuyajibu katika mtihani. Lakini palipopambazuka tukiwa tunaikaribia Dodoma, akaona nchi ilivyobadilika, miti imekuwa mifupi na ardhi imekuwa nyekundu, aliniuliza: "Baba, hawa watu walichimba yote haya kwa mikono?" Nilimjibu ndiyo. Akayarudisha macho yake dirishani, hakusema neno kwa muda mrefu.

Saranda tulinunua kuku wa kuchoma kutoka kwa akina mama waliokuja mbio na vyungu na masinia hadi chini ya madirisha. Mwanangu wa miaka saba nilimpa fedha, nikamwambia anunue yeye. Aliulizwa bei, akashindwa, akarudishiwa chenji, akahesabu, akagundua imezidi, akaita kurudisha. Mama yule muuza kuku alimbariki mbele ya behewa zima. Masomo ya hesabu na uaminifu yalikwisha kwa dakika tatu, kabla gari moshi halijapiga honi.

Baada ya Manyoni na Itigi, jua likiwa linazama katika mapori ya miombo, mtoto yule yule aliuliza: "Baba, hapa bado ni Tanzania?" Abiria wa chumba cha jirani walicheka. Mimi sikucheka. Mtoto wa Mtanzania, mwenye miaka saba, alikuwa akidhani nchi yake inaishia Kibaha. Ningemlaumu nani?

Tabora tuliipita usiku. Asubuhi ya siku ya tatu tulikuwa katika bonde la Mto Malagarasi, kisha Uvinza, mji ambao watu wamechemsha chumvi kutoka katika chemchemi zake tangu karne nyingi zilizopita. Kufika Kigoma na kuliona ziwa, mdogo wetu alipiga kelele: "Bahari!" Dada yake akamsahihisha kwa sauti ya mwalimu.

UJIJI

Mama alikuwa amekaa barazani, kwenye mwanga. Alikuwa ameambiwa saa ya kufika kwetu, akakataa kuingia ndani. Watoto walimwamkia, "Shikamoo, bibi." Aliitikia marahaba, kisha akawaita mmoja mmoja, kila mmoja akasimama mbele yake penye jua. Alikishika kidevu cha mtoto, akakigeuza pole pole, akitafuta mahali ambapo jicho lake lingeweza kumpata. Kwa kitindamimba alikaa muda mrefu zaidi. Mwisho akasema: "Huyu kachukua paji la uso la marehemu babu yake. Na hili kovu la nyusi alilipataje?" Mtoto akamsimulia alivyoanguka kutoka kwenye kiti. Bibi akasikiliza hadithi yote, hata sehemu zilizorudiwa.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba nilikuwa nimekaribia sana kuchelewa.

Tulikaa wiki tatu. Sikuwa nimepanga makuu. Bibi ndiye aliyekuwa mwongozaji wetu, akiwa ameshika bega la mjukuu wake mkubwa. Alitupeleka mahali palipo na kumbukumbu ya Dk. Livingstone, ambapo Stanley alimkuta mwaka 1871. Aliwaeleza wajukuu kwamba Ujiji ulikuwa mji mkubwa kabla ya wageni hao kufika, na kwamba kutoka hapo misafara ilitembea kwa miguu mpaka Bagamoyo, wengine wamebeba pembe za ndovu, wengine wamefungwa minyororo. Binti yangu akaandika katika daftari lake kwamba Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni mwaka 1857 wakalifikia ziwa Februari mwaka 1858. Chini yake akaongeza: "Sisi tulilala njiani mara mbili."

Aliwasimulia pia habari za meli ya Liemba, aliyopanda akiwa msichana. Meli hiyo Wajerumani waliijenga kwao mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikaingizwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe ili isitekwe vitani. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikaanza tena kubeba watu mwaka 1927. Watoto waliisikiliza habari hiyo midomo wazi: meli iliyokaa chini ya maji kwa miaka, kisha ikafanya kazi hata bibi akaipanda!

Asubuhi moja, hewa ikiwa safi, tulisimama ufukweni. Niliwaambia kwamba ziwa hili lina kina cha meta zipatazo 1,470, na ulimwenguni kote ni Ziwa Baikal la Urusi tu linalolizidi kina. Niliwaambia kwamba nchi nne hulichangia: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Kwa mbali ilionekana milima ya ng'ambo. Bibi, ambaye hakuweza tena kuiona, alinyoosha mkono upande ule ule akasema: "Kule ni Kongo. Nikiwa mdogo tuliitazama kila jioni." Mwanangu wa miaka saba akakaza macho, akageuka kuniambia: "Baba, leo nimeiona nchi nyingine."

Hakuna pasipoti iliyogongwa muhuri siku ile.

YA KUZINGATIA

Wasomaji wa safu hii hupenda kupewa mambo ya kufanya, nami sitawanyima.

Kwanza, omba likizo mapema, uipange pamoja na ya mwenzio na ya shule. Likizo ya baba ya Machi, ya mama ya Septemba na ya watoto ya Juni haiwezi kuwakutanisha. Na ukishaipata, usiitumie yote kwa matofali.

Pili, anzisheni kibubu cha safari, na watoto wakione. Sh. 2,000 kwa siku hufikia Sh. 730,000 kwa mwaka. Wetu walianza kutia hata sarafu zao za barafu, wakajua kwamba safari hainunuliwi kwa siku moja.

Tatu, mkiwa na watoto wadogo chukueni maji safi ya kutosha, chakula kikavu, chandarua, dawa ya ORS ya kuongeza maji mwilini mtoto akiharisha, na kadi ya kliniki ya kila mtoto. Msisahau sweta, maana usiku wa Juni katika nyanda za kati ni wa baridi, na mtoto wa Dar es Salaam hajui baridi.

Nne, mpe kila mtoto kazi yake. Mmoja aandike majina ya stesheni, mwingine ahesabu mizigo kila mnaposhuka, mdogo kabisa abebe kikombe chake. Mtoto mwenye kazi halii kwa uchovu.

Tano, kama hamna mzee wa kumwendea mbali, au fedha haifiki huko, anzeni karibu. Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa mwendo wa kilomita zipatazo 50. Mara nyingi abiria wa basi la kawaida huona twiga, swala na hata tembo bila kushuka. Yule tembo wa porini ambaye familia ya Kanada ilivuka bahari kumtafuta, mtoto wako anaweza kumwona kwa nauli ya basi. Mkalishe upande wa dirisha, na simu uiweke mfukoni.

Sita, pimeni macho. Aliyefikisha miaka 40, na hasa ambaye baba, mama au ndugu yake wa tumbo moja ana presha ya macho, asingoje kujikwaa. Mimi bado sijafikisha 40, lakini baada ya safari ile nilikwenda kupimwa. Niliambiwa niko salama na nirudi kila mwaka, na nitarudi.

NYUMBA ILISUBIRI

Huenda msomaji anataka kujua habari za mabati. Nyumba yetu ilisubiri mwaka mmoja zaidi, na masika yaliyofuata yalituharibia sehemu ya ukuta, ikabidi tulipe fundi mara mbili. Nasema hivyo ili mtu asidhani safari ile haikuwa na gharama. Ilikuwa nayo, na tuliilipa kwa jasho.

Lakini mwaka 2024 nuru ya jicho la kushoto la mama ilikwisha. Matone yalikuwa yameilinda kwa muda, mwisho ikaondoka. Siku alipoambiwa na daktari, jioni yake alipiga simu akataka kuongea na kitindamimba. Mtoto, ambaye alikuwa amesikia wakubwa wakizungumza, alimuuliza bila kuzunguka: "Bibi, sasa hutaniona tena?"

Nilitaka kumnyang'anya simu. Mama akamjibu kwa utulivu: "Nilikwishakuona, mjukuu wangu. Una paji la babu yako na kovu kwenye nyusi. Njoo tena uniambie umerefuka kiasi gani."

Familia ya Kanada iliichukua dunia mwaka mzima kwa sababu ilijua saa ya kuzimika taa. Sisi wengine hatuijui saa hiyo, ila taa zinazimika vile vile: mzee anaondoka, mtoto anakua, na yule aliyekuwa akiuliza "Hapa bado ni Tanzania?" anafika umri wa kutouliza tena. Siku 28 za mwaka huu ziko ofisini kwako, katika faili lenye jina lako. Kesho Jumatatu, kabla ya chai ya saa nne, nenda ukaombe fomu.

Tukutane Jumapili ijayo.